Kukomesha kashfa za "shoga" na "hanithi" kwenye sauti ya klani: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa makundi ya gemu Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa yule anayeongoza klani au kikosi cha gemu za mtandaoni, ambaye ameshapiga marufuku matusi mara tatu au nne na kila mara yakarudi. Tusi linalokusudiwa ni la aina moja: kumwita mchezaji shoga, hanithi, msenge au "mwanamke" ili kumvunja. Limezoeleka kiasi kwamba mtu hurushiwa kwa kukosa shabaha, kwa kuchelewa kumwinua mwenzake aliyeangushwa, au kwa kuwa na sauti nyembamba tu.

Wasimamizi wengi wanaonieleza kwamba wameshindwa hukwama mahali pamoja. Hulichukua neno hilo kama tuhuma inayotaka kuthibitishwa au kukanushwa, kisha humgeukia aliyetukanwa. Hatua zote zilizomo humu zimejengwa juu ya kinyume cha hayo: anayehojiwa ni aliyetamka, na aliyeelekezewa hachunguzwi hata kidogo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi siku moja kabla, kwa sababu ukianza kuvitafuta wakati sauti zimeshapanda utakuwa umechelewa.

- Wasimamizi watatu, na angalau mmoja wao asiwe mtu wa baraza yako. Mkiwa nyote watoto wa mtaa mmoja, hakuna atakayethubutu kumnyamazisha swahiba wake.
- Haki za usimamizi kwenye seva ya Discord, kwenye kundi la WhatsApp na kwenye klani yenyewe ndani ya gemu.
- Akaunti ya pili ya Discord, ya kawaida, isiyo na cheo chochote. Sababu yake imo katika hatua ya pili.
- Simu ya pili, hata ile yenye kioo kilichopasuka, mradi inarekodi video.
- Daftari la karatasi la kuandikia matukio. Napendelea karatasi kwa kuwa haisambazwi kwa bahati mbaya kwenye kundi.

Hatua ya 1: Andika kanuni moja, fupi, inayohusu tamshi

Kanuni inayosema "matusi ni marufuku" haifanyi kazi. Kila mtu anaikubali na kila mtu anadhani la kwake lilikuwa utani. Andika kitu kinachoweza kupimwa, kwa mfano:

"Ni marufuku kumwita mtu shoga, hanithi, msenge, basha, mwanamke au neno lolote la namna hiyo kwa nia ya kumdhalilisha, kwa sauti au kwa maandishi, hata kwa utani. Ni marufuku pia kuuliza, kukisia au kueneza habari za maisha binafsi ya mchezaji. Msimamizi atahukumu tamshi. Hatauliza kama ni kweli."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo ambayo wengi huiondoa. Ukiiondoa umeacha mlango wa utetezi mbaya kuliko tusi lenyewe, yaani "mimi nimesema ukweli tu".

Tahadhari: usiiandike kanuni kama mjadala wa ushoga. Utapoteza siku tatu za hoja za dini na siasa, na tusi litabaki palepale. Mjumbe akisema kwamba kanuni hii inapingana na imani yake, mjibu kwa utulivu kwamba Surat Al-Hujurat, katika aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na aya inayofuata inakataza kuchunguzana. Hapo mazungumzo huisha. Anayetaka kuendelea nayo hajakereka na kanuni. Amekereka kwa kunyang'anywa silaha.

Kwa maoni yangu binafsi, katika klani ya watu hamsini wamo wachezaji ambao neno hilo si utani kwao hata siku moja, na hawapaswi kujitambulisha kwako ili wastahiki heshima. Hata hivyo, kanuni haikutaki uyakubali maoni hayo. Inakutaka uisimamie.

Umefanikiwa ikiwa mjumbe aliyejiunga jana anaweza kukueleza kanuni kwa maneno yake bila kukuuliza "kwani mna nini na mashoga?"

Hatua ya 2: Tengeneza kichujio kinachojua Kiswahili

Hapa ndipo kazi ilipo kubwa. Vichujio vilivyokuja na gemu, pamoja na orodha za matusi ambazo Discord imezitayarisha, vimeelekezwa zaidi kwenye Kiingereza na lugha nyingine kubwa. Mtu ataandika "hanithi" mara kumi na hakuna kitakachotikisika. Hata mitambo mipya ya kusikiliza sauti ina kasoro hiyohiyo: ule wa Call of Duty uliozinduliwa Agosti 2023 Amerika ya Kaskazini ulianza kwa kusikiliza Kiingereza peke yake. Kwa hiyo kichujio cha Kiswahili utakitengeneza mwenyewe.

Kwenye Discord, fungua mipangilio ya seva, ingia AutoMod, yaani kichujio cha Discord chenyewe, kisha tengeneza kanuni mpya ya maneno. Seva moja inaruhusiwa kanuni sita za aina hii, na kila kanuni inabeba hadi maneno 1,000, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tatizo ni viambishi vyetu.

Neno likiingizwa peke yake hukamatwa likiwa limesimama hivyohivyo. Ukiandika "hanithi", neno "mahanithi" litapita, na "kihanithi" litapita, na "uhanithi" pia. Ndiyo maana huwekwa alama ya nyota mbele na nyuma, yaani \*hanithi\*, ili mashina yote yenye viambishi yanaswe. Ongeza pia \*hanisi\*, kwa kuwa wapo wanaoandika hivyo.

Sasa tahadhari. Nyota haina akili. Ukiweka \*senge\*, kichujio kitamzuia mchezaji wa Bara anayesema ametokea Sengerema. Ukiweka \*basha\*, atazuiwa aliyeandika kwamba amepokewa kwa bashasha. Ukiweka neno la Kiingereza "gay" na nyota zake, mwenye jina la ukoo la Mgaya hataweza kutajwa kwenye seva. Kwa kila neno la nyota, kaa dakika mbili ukijiuliza limejificha ndani ya maneno gani ya halali, kisha yaandike hayo kwenye orodha ya maneno yanayoruhusiwa, ambayo iko chini ya kanuni hiyohiyo.

Neno gumu kuliko yote kwetu ni "shoga" lenyewe. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa damu. Dada yangu hawezi kumaliza ujumbe wa sauti bila kusema "shoga yangu". Nilipoanza kazi hii nililifungia neno zima kwa nyota, nikajiona nimemaliza. Usiku uleule wachezaji wetu wawili wa kike, ambao ndio walikuwa wavumilivu kuliko wote, walinyamazishwa saa nzima na mashine kwa kuitana jina la mapenzi, huku mvulana aliyeandika "s h o g a" kwa nafasi akipita bila kuguswa. Niliwaomba radhi. Mmoja wao alinijibu kwa neno moja, "Ahsante," na hakuonekana kwenye seva kwa muda wa wiki mbili.

Suluhisho ni kugawa kanuni mbili.

Kanuni ya kwanza inazuia kabisa. Ndani yake weka maneno ambayo hayana matumizi mema, pamoja na mafungu ya maneno yenye shari iliyo wazi, kama vile "we shoga", "shoga wewe", "mashoga nyinyi" na "kishoga". AutoMod inakubali fungu la maneno kama inavyokubali neno moja.

Kanuni ya pili haizuii kitu. Inatuma taarifa tu kwenye chaneli ya wasimamizi. Humo weka "shoga" na "mashoga" peke yake. Msimamizi atasoma mazingira na kuamua, kwa kuwa mashine haiwezi kutofautisha shosti na adui, ilhali mtu aliyekulia Mlandege au Wete atatofautisha kwa mtazamo mmoja.

Kwa wale wanaochezea herufi, kila kanuni inakubali hadi ruwaza kumi za utafutaji (regex). Ruwaza kama sh[o0]+g[a4@]+ itakamata "sh0ga" na "shoooga", lakini itakamata na "shoga" la kawaida, kwa hiyo iweke kwenye kanuni ya pili. Usiifukuzie kila mbinu. Mtu anayekaa kubuni namna ya saba ya kuandika tusi amekupa ushahidi wa nia yake, na nia hiyo inashughulikiwa kwa hatua ya saba, si kwa ruwaza nyingine.

Mwisho jaribu, na hapa ndipo akaunti ya pili inapohitajika. AutoMod haiwagusi wenye haki ya kuendesha seva. Nimepokea malalamiko mengi ya "kichujio chako hakifanyi kazi" kutoka kwa wasimamizi waliojaribu kwa akaunti zao wenyewe. Ingia kwa akaunti isiyo na cheo, andika maneno yote ya kanuni ya kwanza, kisha andika "Sengerema", "bashasha" na "shoga yangu habari za asubuhi". Umefanikiwa ikiwa ya mwanzo yamezuiwa, mawili ya mwanzo kati ya haya ya mwisho yamepita, na la tatu limepita huku taarifa yake ikionekana kwa wasimamizi.

WhatsApp haina kichujio cha namna hii. Huko msimamizi anafuta kwa mkono, naye ana uwezo wa kuufuta ujumbe wa mjumbe yeyote kwa wote. Piga picha ya skrini kwanza, kisha ufute.

Hatua ya 3: Punguza milango ya sauti

Hatua hii ni fupi. Ndani ya gemu, elekeza kila mjumbe aweke sauti kwenye timu peke yake badala ya wote, ili mgeni wa mechi asisikike wala asiwasikie. Kwenye Discord, ongeza kiwango cha uhakiki ili aliyejiunga sasa hivi asubiri dakika kumi kabla ya kuandika. Wengi wanaoingia kwa ajili ya shari hawana subira hiyo. Chumba cha sauti cha mashindano kifungiwe wenye cheo cha klani.

Wanaochezea kwenye vibanda vya gemu, ambako maiki moja hunasa watu sita walio nyuma ya kiti, wakumbushwe kwamba maneno ya aliyesimama nyuma yanahesabiwa kwa mwenye akaunti. Inaonekana kama dhuluma ndogo, lakini hakuna njia nyingine, na wenye vibanda wenyewe wakishaelewa huanza kuwanyamazisha wapambe.

Hatua ya 4: Dakika ya kwanza baada ya tusi

Nitaeleza kwanza namna nilivyoiharibu hatua hii, kwa sababu ndivyo inavyoharibika kila mahali.

Ilikuwa usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, na chumba cha sauti kilikuwa na watu kumi na watatu. Kijana wa skuli, sauti yake bado haijavunjika, alikuwa anaita maeneo ya maadui vizuri kabisa. Akakosea mara moja. Mtu mzima, mwenye mke, akasema, "Huyu hanithi katuuza." Kicheko. Mwingine akaongeza, "Sikiliza sauti yake tu." Mimi, nikidhani natetea, nikasema, "Hebu mwacheni, huyu si hivyo, namjua mimi."

Kukawa kimya. Halafu mtu akauliza, "Umejuaje?" na kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza. Yule kijana alizima maiki. Alama yake ya kijani haikuwaka tena usiku ule hadi daku.

Kosa langu lilikuwa kukanusha kwa niaba yake. Kwa kukanusha nilikubali mambo mawili: kwamba swali ni halali, na kwamba jibu jingine lingehalalisha tusi. Tena niliyageuza mazungumzo yote yakawa juu ya mwili na sauti ya mtoto wa watu badala ya mdomo wa aliyetukana.

Fuata mpangilio huu badala yake, na uufanye kwa sekunde kumi na tano, si zaidi.

Kwanza, mzimie maiki aliyetamka kwa kutumia haki ya usimamizi. Usimsubiri amalize sentensi. Sababu ni kwamba tusi la aina hii linaishi kwa kicheko cha pili, na kicheko cha pili hakiji ikiwa sauti imekatika.

Pili, mtaje aliyetamka na uitaje kanuni, kwa maneno makavu: "Yakhe, neno hilo haliruhusiwi humu. Maiki yako imezimwa mechi hii. Tutazungumza baadaye." Ikiwa ni mtu mzima kuliko wewe, anza kwa heshima yake, "Kaka, samahani," lakini usimpunguzie adhabu. Heshima imo katika namna ya kusema. Haimo katika kumwachia.

Tatu, rudisha mchezo mara moja kwa kumpa kazi yule aliyetukanwa, kwa jina lake la gemu na kwa sauti ya kawaida: "Fulani, umewaona wale wa kwenye daraja? Endelea kuita." Usimwambie pole mbele ya watu. Pole ya hadharani humfanya kila mtu amwangalie yeye, na hilo ndilo alilotaka aliyetukana.

Mambo ya kuepuka katika dakika hiyo ni haya: kuuliza "kwani kweli?", kusema "si hivyo", kusema "wamekutania tu", kumjibu aliyetukana kwa kumgeuzia tusi lilelile, na kutoa mawaidha marefu huku mechi inaendelea. Watu wakiuawa kwenye mechi kwa sababu ya hotuba yako, watakuchukia wewe na kanuni yako pamoja.

Mechi ikiisha, mwandikie aliyetukanwa ujumbe wa faragha wa mistari miwili: umesikia, umechukua hatua, naye hahitaji kueleza chochote. Usiongeze swali. Hata swali la huruma kama "uko sawa, kuna jambo unataka kuniambia?" linaweza kusomeka kama mtego kwa mtu anayeogopa kuchunguzwa.

Umefanikiwa ikiwa sauti ya aliyetukanwa inasikika tena kabla ya mechi kuisha.

Hatua ya 5: Chukua ushahidi unaosikika

Malalamiko mengi hutupwa kwa sababu video iliyotumwa haina sauti. Simu za Android mara nyingi haziruhusu kirekodi cha skrini kunasa mazungumzo ya sauti ya programu nyingine. Kinachonaswa ni milio ya bunduki tu, na ushahidi unakuwa sinema bubu. Wengi hugundua hayo siku ya pili, wakati mtuhumiwa ameshabadili jina.

Njia isiyokosea ni ya kienyeji: chomoa hedfoni, washa spika, na urekodi skrini kwa simu ya pili ili picha ionyeshe nani anaongea na sauti isikike. Jaribu jambo hili siku isiyo na ugomvi, usikilize matokeo, uone kama maneno yanaeleweka.

Kwenye konsoli za PlayStation 5, mfumo wenyewe huhifadhi dakika tano za mwisho za gumzo la sauti la kundi, na anayeripoti huchagua kipande cha hadi sekunde 40. Kwenye Xbox unanasa kipande cha sekunde 60 na una saa 24 za kukituma. Discord hairekodi sauti za wanachama, na tangu Septemba 2024 imeanza kuzifunga kwa usimbaji ambao hata kampuni haiwezi kuufungua. Kwa hiyo usitegemee kwamba "wao wanayo".

Kwa maandishi, piga picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na saa, kisha uwashe hali ya wasanidi (Developer Mode) kwenye Discord ili uweze kunakili namba ya utambulisho ya akaunti. Jina hubadilishwa kwa sekunde tatu, namba haibadiliki.

Tahadhari kubwa: ushahidi huo hauendi kwenye hali ya WhatsApp wala TikTok, hata kwa nia ya kumwaibisha mkosaji. Ndani ya video hiyo mna jina la aliyetukanwa na neno aliloitwa. Ukiisambaza, umelisambaza tusi kwa mama yake, kwa mwalimu wake na kwa shehia nzima.

Hatua ya 6: Ripoti mahali panapostahili

Ripoti ndani ya gemu kwanza, kwa kawaida kwenye ukurasa wa matokeo baada ya mechi au kwenye wasifu wa mchezaji. Chagua kundi la chuki au unyanyasaji. Ukichagua "lugha mbaya" unalipunguzia kosa uzito. Xbox, kwa mfano, tangu Agosti 2023 hutoa alama za makosa, ambapo tusi la kawaida hupewa alama moja na la chuki hupewa tatu, na mwenye kufikisha nane hufungiwa huduma za kuwasiliana kwa mwaka mzima.

Kwenye maelezo, andika tafsiri ya neno kwa Kiingereza rahisi pamoja na neno lenyewe, kwa kuwa hujui nani atakayesoma. Sentensi moja inatosha. Kumbuka kwamba ukiripoti mtu kwenye WhatsApp, kampuni hupokea jumbe tano za mwisho alizokutumia, kwa hiyo ripoti mapema kabla hajazifunika kwa salamu na vikaragosi.

Hatua ya 7: Adhabu yenye ngazi, na njia ya kurudi

Ngazi ninazozitumia ni hizi: mara ya kwanza maiki huzimwa mechi hiyo, mara ya pili hunyamazishwa siku moja, mara ya tatu wiki moja na kuondolewa kwenye kikosi cha mashindano, mara ya nne hutolewa. Atakayetishia kumfichua mtu, au atakayetuma jina, picha au namba ya simu ya mchezaji, hutolewa papo hapo bila kupitia ngazi.

Zitumie ngazi hizi kwa mchezaji bora kuliko wote kwanza, Mungu akikupa nafasi. Klani yetu ilikaa miezi mingi na kanuni isiyoheshimiwa hadi tulipomwacha mpiga shabaha wetu nje ya fainali ya Idi. Tulifungwa. Kanuni haikujadiliwa tena.

Kuhusu kuomba radhi: isiwe hadharani. Msamaha wa mbele ya watu hulazimisha neno litamkwe upya na aliyetukanwa aonekane mwenye kusamehe mbele ya hadhira iliyomcheka. Mkosaji aandike kwa faragha, kwa kupitia kwa msimamizi, na aliyetukanwa awe huru kutojibu.

Hatua ya 8: Jambo likitoka nje ya gemu

Hatua hii isomwe taratibu, kwa sababu makosa yake hayarekebishiki.

Wakati mwingine tusi hugeuka kuwa vitisho: "nitampelekea baba yako", "nitaziweka picha zako", "nitumie pesa". Hapa kwetu vitisho hivyo vina meno. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar inaadhibu mahusiano ya jinsia moja, ya wanaume na ya wanawake, na familia inaweza kumfukuza kijana kwa uvumi tu. Kwa hiyo usiende kwa sheha, kwa polisi, kwa mwalimu au kwa mzazi bila idhini ya anayetishiwa, hata kama unaona unamsaidia. Unaweza kumpeleka mlalamikaji ukamrudisha mtuhumiwa.

Uamuzi uwe wake, na umpe taarifa kamili ili aamue. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imelifanya kosa unyanyasaji wa mtandaoni katika kifungu cha 23, na adhabu iliyowekwa humo ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Akichagua kushtaki, malalamiko yajengwe juu ya kitendo: vitisho, kudai pesa, kusambaza picha. Hana haja ya kueleza wala kukanusha lolote kuhusu nafsi yake, na ni vyema awe na wakili kabla ya kutoa maelezo.

Anayedaiwa pesa asilipe. Malipo ya kwanza humfundisha mdai kwamba kisima kina maji. Ahifadhi jumbe zote, aripoti akaunti, kisha akate mawasiliano. Ikiwa kuna picha za faragha, mtu mzima anaweza kutumia huduma ya StopNCII, na aliye chini ya miaka 18 ya Take It Down. Zote hutengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye simu yake mwenyewe, bila picha yenyewe kutumwa, ili mitandao inayoshiriki iitambue na kuizuia. Mtoto anaweza pia kupiga namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa watoto.

Akitamka kwamba anataka kujidhuru, msimamizi usibaki peke yako na siri hiyo. Mwulize ni mtu mzima gani mmoja anayemwamini, shangazi, mjomba au jirani, umpigie huyo wakati mazungumzo yakiendelea. Huyo mtu mzima anahitaji kujua kwamba kijana yuko hatarini. Hahitaji kujua aliitwa neno gani.

Hatua ya 9: Kagua daftari kila baada ya wiki nne

Kaeni wasimamizi watatu, mhesabu matukio, na mtazame mambo mawili. La kwanza ni maneno mapya, kwa sababu watu wakizuiwa neno moja hubuni jingine. Kwetu waliwahi kuanza kutumia jina la mchezaji mmoja kama tusi lenyewe, na ilituchukua wiki kutambua. La pili ni maiki zilizonyamaza. Mtu aliyekuwa akiongea mwezi uliopita na sasa anaandika tu, mpeni nafasi ya kuita mchezo kwenye mechi isiyo ya mashindano, bila kumuuliza kwa nini alinyamaza.

Kesi ikishafungwa na ripoti ikishajibiwa, futeni video na picha za skrini kutoka kwenye simu zote tatu, mkimalizia na folda ya vilivyofutwa karibuni, ambako vitu hukaa siku kadhaa vikisubiri mdogo wako aombe simu ya kuchezea.